Jiwe Alilolamba Jilala

Watu wa Kahama ukituuliza habari za kutembea kujifurahisha, tutakutajia baa. Mchele tunao, ng'ombe tunao, mabasi yanaanza kupiga honi watu hawajanawa nyuso, lakini mahali pa kwenda kwa ajili ya kwenda tu, bila kununua kitu wala kumzika mtu, hapo tunakwama. Kwa hiyo Jilala alipoanza kutangaza kwamba kule Ilagaja kuna korongo la mawe mekundu, na kwamba yupo tayari kumpeleka yeyote akashuke kwa kamba, atambae, apenye, atoke jasho na kurudi nyumbani magoti yamechubuka, tulimcheka sana. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimuuliza mzee mzima anapata wapi uso wa kupeleka watu kuangalia mawe, kwani mjini mawe yameisha? Akanijibu kwa upole kwamba mawe ya kuangalia siyo sawa na mawe ya kupasua. Nikaona anazeeka vibaya.

Leo sicheki. Na kwa kuwa habari zake zimesambazwa na watu ambao hata Ilagaja hawajawahi kukanyaga, mmoja akisema ni mchoyo, mwingine akisema amerukwa na akili, ngoja nizieleze mimi, tena tangu mwanzo.

Jilala ana miaka hamsini na nne. Ni mrefu, ila mabega yamemwinamia kwa mbele, maana miaka ishirini na mbili ya maisha yake aliimalizia chini ya ardhi. Hakuwa mtu wa nyundo. Kazi yake ilikuwa kupiga matimba, yaani kukata magogo na kuyasimamisha ndani ya duara ili lisiwaangukie watu. Duara, kwa wale ambao hawajafika machimboni, ndilo shimo lenyewe wanaloshuka wachimbaji wadogo kufuata dhahabu, na mpiga matimba ndiye mtu ambaye wenzake wote wanashuka kwa kumwamini. Kuanzia mitaa ya Kahama mpaka pande za Geita, ukisema duara hili limepigwa matimba na Jilala, mtu alivuta pumzi akakamata kamba akashuka, hakuuliza mara mbili.

Miaka saba iliyopita duara moja la huko pande za Geita liliporomoka mchana kweupe. Ndani walikuwemo wawili, akatoka mmoja. Aliyebaki alikuwa Charles, mtoto wa kwanza wa Jilala, na matimba yaliyovunjika yalikuwa ya Jilala. Asubuhi ile Charles alikuwa amesimama kwenye mdomo wa duara akamuuliza baba yake kama gogo la tatu halijapinda. Jilala akatupa jicho, akaona lipo sawa, akamwambia shuka tu, mwanangu. Maneno hayo hayajamtoka kichwani mpaka leo, na simshangai.

Siku ya maziko, mama yao, Paskalia, alimshika mumewe mkono mbele ya kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Hakupiga kelele. Alimwambia kwamba wamebakiwa na Ignas peke yake, kwamba Ignas asishuke shimo lolote maisha yake yote, na kwamba kazi ya kulihakikisha hilo ni ya Jilala. Asimsukumie Mungu, asiisukumie serikali. Jilala akaapa pale pale, watu wanasikia. Akaligawa shoka lake, akaiaga kazi, wakahamia Ilagaja kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka barabara ya lami.

Korongo liko nyuma ya shamba hilo, na ukiwa shambani hulioni. Unatembea kwenye vichaka vya miiba ukidhani nchi ni tambarare mpaka Tabora, mara ardhi inakatika mbele ya vidole vyako. Huko chini kuta zimesimama pande mbili, nyekundu kama tofali lililoiva, na katikati ni njia iliyochongwa na maji ya miaka mingi. Kuna sehemu unapita kwa ubavu, umezuia pumzi. Kuna sehemu huna budi kuning'inia kwenye kamba na kutafuta kwa mguu mahali pa kukanyaga. Kuna madimbwi ya maji baridi ambayo hata Septemba hayakauki, na ukipiga mluzi, mluzi unakwenda mpaka mwisho wa korongo na kurudi.

Jilala alichunga mbuzi huko alipokuwa mdogo. Aliporudi na msiba wake alianza kushuka peke yake, ili ajue, hivyo ndivyo alivyoniambia, kama bado anaweza kusimama kati ya kuta mbili bila kutetemeka. Akaweza. Juu yake kulikuwa na mbingu, na hiyo ilimtosha. Ndipo akili ikamjia kwamba Ignas angeweza kupata riziki humo humo. Kamba, mikono, mawe, kushuka na kupanda, mambo yote ambayo damu ya kijana wa kwetu inayataka, lakini juu ya kichwa hakuna kitu ila jua.

Ikawa hivyo. Walianza kuja walimu, wakafuata manesi, wakaja vijana wa mgodini kwenye siku zao za mapumziko. Ignas aliwabeba kwa pikipiki kutoka barabarani, akawavalisha kofia ngumu za zamani za baba yake, akawafundisha kuegemea kamba bila kuiogopa. Alikuwa na miaka ishirini na nne, mcheshi, anamtania hata mama mtu mzima mpaka anasahau kuogopa. Paskalia aliwapikia kuku wa kienyeji na ugali, wakala wamekaa juu ya ukingo, miguu inaning'inia. Jilala alitangulia, Ignas alifunga msafara nyuma. Ule mwaka wa kwanza Jilala alinona. Kila akigeuka kumwona mwanawe anapanda mwamba juani, alijua ahadi yake imesimama.

Ila wageni hawakuwa wengi. Miezi mingine walikuja mara moja, miezi mingine hawakuja kabisa, na Ignas alianza kukaa barabarani na wenzake waliokuwa wanatoka machimboni na viatu vipya. Siku moja alimuuliza baba yake kama amewahi kuyapima mawe ya korongo. Jilala akamjibu kwamba anaujua mwamba ule tangu utotoni, ni chuma tupu, hauna kitu. Ignas akacheka, akasema sawa.

Jambo moja mlijue kabla sijaendelea. Katikati ya korongo kuna ukuta ambao Jilala aliuita Mlevi, kwa sababu umeinama. Chini yake kuna tabaka la udongo laini, juu yake mwamba mzito, na mpiga matimba wa miaka ishirini na mbili hahitaji mtu wa kumweleza maana yake. Wageni aliwapitisha upande wa pili, mmoja mmoja, bila kusimama wala kuimba. Akitokea mtu anataka kukaa kivulini kwa Mlevi apigwe picha, Jilala, mtu mpole vile, alikuwa mkali mpaka wageni wanatazamana.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe. Ilikuwa Julai, wageni tisa kutoka Kahama, na aliyewakusanya alikuwa Kudra, mwanamke mmoja muuza vitenge pale sokoni, mchangamfu, simu haitoki mkononi. Kudra hana ubaya. Siku ile alipiga picha kila kitu: kenge, mizizi inayoning'inia, mwenzao aliyenasa kwenye upenyo akawa anasukumwa makalio na watu wawili. Walicheka mpaka machozi. Jilala naye alicheka, na Paskalia aliwasikia kutoka juu akafurahi.

Walipompita Mlevi, Kudra akaokota jiwe lililokuwa limeanguka kutoka ukutani. Lilikuwa jeupe, lenye mstari wa kutu. Akamkimbilia Jilala akamuuliza, mzee, hili jiwe gani?

Jilala akalipokea, na hapo ndipo mkono ulipomsaliti. Miaka ishirini na mbili, jamani. Mchimbaji akishika jiwe jeupe lenye kutu hafikiri, analilamba. Analilowesha kwa ulimi ili vumbi litoke, kisha analigeuzia jua, anafinya jicho moja, maana dhahabu kama ipo itaonekana kwenye unyevu. Jilala alilamba. Akaligeuzia jua mara moja, akaligeuza tena mara ya pili. Hakukuwa na kitu. Akalifuta kwenye suruali na kulitia mfukoni, vile vile alivyokuwa akitia mfukoni mawe yote ya maisha yake, akamjibu Kudra kwamba ni jiwe tu, twendeni. Akaendelea mbele bila hata kujua kwamba amefanya jambo.

Kudra alikuwa amelichukua lote kwenye simu. Jioni akairusha hiyo video, akaandika kwamba mzee wetu anaonja korongo asikie kama chumvi imekolea. Sisi wa mjini tuliona kichekesho tukacheka. Machimboni hawakucheka. Machimboni waliisimamisha, wakaivuta karibu, wakaangalia jicho lililofinywa, wakahesabu kwamba amegeuza jiwe mara mbili, wakaona lilivyoingia mfukoni. Na waliomjua wakasema, huyo ni Jilala.

Siku ya tatu alikuja Mwigulu. Huyu ni mwenye maduara, walifanya kazi pamoja zamani, mtu wa maneno matamu na tumbo la kutosha. Akaamkia vizuri, akaulizia afya ya Mama Charles, akanywa maji aliyopewa. Kisha akauliza habari za korongo. Jilala akamwambia ukweli: hakuna kitu. Mwigulu akatabasamu, akamtazama mwenzake aliyekuja naye, akatabasamu tena.

Hapa lazima nieleze, maana asiyewajua wachimbaji atadhani nawasingizia. Mchimbaji ambaye hajaona kitu hasemi kamwe kwamba hajaona. Anasema tunakaribia. Miezi sita yuko kwenye mwamba mtupu, watoto hawana viatu, ukimuuliza anakwambia tunakaribia, tumebakiza mita mbili. Anayesema hakuna kitu, tena kwa sauti ya chini, tena uso umekaza, ni yule aliyeona na hataki kugawana. Kwa hiyo Jilala kila alipozidi kukana, ndivyo alivyozidi kuwathibitishia. Akaingia ndani akatoa lile jiwe, akampa Mwigulu alione mwenyewe. Mwigulu akalilamba, akaligeuza, akarudisha kwa heshima kabisa, akasema hili si lenyewe, Baba Charles. Lenyewe umeshaliweka.

Wiki iliyofuata walikuwa watu mia tatu. Wiki iliyofuata hiyo, hakuna aliyehesabu. Zilikuja turubai, zikaja mashine za kusagia mawe, wakaja mama lishe na wauza simu, muziki ukapigwa toka asubuhi. Ile miti ya ukingoni ilikatwa yote. Madimbwi yaligeuka tope, watu wakanawia, wakaoshea, wakafanyia na mengine nisiyotaka kuyataja. Viongozi wa kijiji walikuja, wakapima kwa hatua, wakagawa maeneo, wakaondoka. Kudra alimpigia Jilala akilia, akiomba msamaha, na Jilala akamwambia hana kosa. Alimaanisha. Kosa alijua liko mdomoni mwa nani.

Lakini yote hayo, korongo, miti, maji, angeyameza. Kilichomnyima raha ni Ignas. Kijana alikuwa anakaa ukingoni kutwa nzima, hasemi, hatanii, anaangalia chini jinsi watu wa Mwigulu wanavyochagua pa kuanzia. Na walikuwa wamechagua kwa Mlevi, kwa sababu ndipo jiwe lilipookotwa.

Asubuhi moja Ignas aliweka kikombe cha uji chini bila kukimaliza. Mama yake alikuwa anachochea moto, baba yake anafunga kuku.

"Baba, niambie mimi," alisema. "Mimi siyo Mwigulu."

Jilala alimwambia kwamba hakuna kitu. Ignas akauliza kwa nini basi alilamba. Jilala akasema ni mazoea ya mkono. Ignas akauliza kwa nini alilitia mfukoni. Jilala akasema ni mazoea. Yeye mwenyewe alijisikia, aliona jinsi maneno yake yalivyokuwa yanatoka yamekonda, yanafanana na maneno ya mwongo. Akaona hapa dawa ni moja. Akaapa kwa kaburi la Charles kwamba hakuona dhahabu.

Ignas akasimama. Macho yalikuwa mekundu.

"Hata Charles ulimwambia gogo halijapinda."

Paskalia alidondosha mwiko. Ignas akachukua koti lake akatoka, na mchana watu walimwona kwenye duara la Mwigulu, chini ya Mlevi, anashuka kwa kamba ile ile aliyokuwa anawashushia wageni. Miaka saba ya kumlinda iliishia hapo.

Nimemuuliza Jilala siku ile alifanya nini. Anasema alikaa bandani na kuku wake mpaka jua likapinduka. Hakulia, alishangaa tu kwamba mtu anaweza kusema ukweli wote alionao na usimsaidie hata kidogo. Ndipo akaamua kusema uongo.

Alimvizia Ignas kwenye njia ya kisimani, akamvuta pembeni. Akamwambia kwa kunong'ona kwamba amemshinda, basi, ni kweli aliona. Ila siyo kwa Mlevi. Jiwe lile liliburuzwa na maji kutoka juu zaidi, kule mwanzo wa korongo, kwenye mwamba mgumu wa upande wa kushoto. Akamwelekeza hatua kwa hatua. Mwamba ule ungeweza kuupiga nyundo mwaka mzima usianguke hata kokoto, na ndiyo sababu aliuchagua. Ignas alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akamwita Baba, akamshika bega. Jilala alirudi nyumbani akaomba chakula, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akamaliza sahani.

Kesho yake Ignas aliingia ndani zaidi chini ya Mlevi. Na siyo peke yake, aliwashawishi na wenzake. Alimweleza mama yake kwa furaha, mama akaja akamweleza Jilala neno kwa neno: mchimbaji akikuonyesha kidole, ujue anakuondoa pale penyewe. Baba amenielekeza kushoto mwanzoni mwa korongo, kwa hiyo ni kwa Mlevi, hakuna haja ya kubahatisha tena.

Sasa mngefanya nini ninyi? Wengine mnasema angekwenda kuripoti. Alikwenda. Alipanda gari mpaka kwenye ofisi moja, akaeleza habari za tabaka la udongo na mwamba ulioinama, na bwana aliyemsikiliza alipomaliza kuandika akamuuliza, kwa sauti ya kirafiki, kama yeye ndiye yule mzee wa kwenye video. Akamuuliza hivi aliona kiasi gani. Jilala akarudi na gari lile lile.

Septemba ikaisha hivyo. Siku moja alishindwa kuvumilia, akaenda mpaka mdomoni mwa duara la mwanawe akachungulia. Matimba yalikuwa vijiti vya mgunga, vibichi, vimesimamishwa na mtu asiyejua, kimoja kimekaa juu ya jiwe linalocheza. Akasikia huko chini Ignas anaimba.

Jilala akaenda kwa mama lishe mmoja akaazima shoka la kuni. Akatafuta mti ulionyooka, ikabidi atembee mbali, maana ya karibu ilikuwa imekwisha. Akakata, akabeba begani, akarudi, akavua shati, akashuka. Watu waliacha kazi wakasogea. Hata muziki mtu aliuzima. Akafanya kazi mpaka jua likaegemea, akang'oa vijiti vyao, akasimamisha magogo yake, akapiga kabari kila pembe. Mikono ilikuwa haijasahau kitu. Alipopanda, Mwigulu alikuwa amesimama pale juu na tabasamu lake, na nyuma yake watu wengi kuliko Jilala alivyowahi kuwaona mahali pamoja, wote wanamtazama yeye.

Hakuhitaji kuambiwa wanafikiri nini. Jilala aliyeapa, Jilala aliyeacha kazi, Jilala aliyezika mtoto, ameingia duarani mwenyewe na shoka. Kama ingekuwa hakuna kitu, angeingia? Kabla ya saa sita ya siku iliyofuata maduara kumi na moja mapya yalikuwa yamefunguliwa chini ya Mlevi, kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho wake, na watu wanapigania nafasi. Ule udongo laini, kitu pekee kilichokuwa kimeushikilia ukuta, ndio waliokuwa wanautoa kwa ndoo.

Jioni ile ile Jilala aliposhuka na shoka, Ignas alipotoka duarani alimkumbatia baba yake mbele ya watu. Alikuwa na tope mpaka kwenye kope. Tangu Charles afe hakuwahi kumkumbatia.

"Nilijua tu, Baba," alisema. "Nilijua siku moja utakuja."

Jilala anasema angeweza kumwambia pale pale. Alikuwa na neno mdomoni. Lakini angesema nini ambacho kingeaminika? Akikana, anathibitisha. Akionyesha kwingine, anathibitisha. Na Mwigulu akichukia akamfukuza Jilala duarani, Ignas atabaki chini na vijiti vya mgunga. Halafu kulikuwa na ule uso. Mtoto wake alikuwa amemsamehe, kwa sababu ya uongo, na Jilala hakuwa na nguvu ya kuurudisha msamaha huo. Akamfuta tope usoni kwa kiganja, akanyamaza. Miye nadhani hiyo ndiyo dhambi yake pekee, ile ya kunyamaza, na nikijiweka mahali pake naona ningefanya vivyo hivyo.

Tangu hapo yuko huko kila siku. Maduara yote kumi na mawili wanamwita yeye, na yeye anakwenda, maana akilitunza moja tu, yale mengine yakianguka yataanguka nalo. Anakata, anabeba, anasimamisha. Dhahabu hawajapata hata ya kuziba jino. Wakiulizwa wanasema tunakaribia. Mlevi ameanza kutoa sauti, kitu kinachokwaruza huko ndani taratibu, na Jilala akiisikia anawaambia watoke, wanatoka, sauti ikikatika wanashuka tena. Amewaambia waziwazi kwamba matimba yake hayawezi kuubeba mlima ulioloa. Wanamwitikia kwa heshima zote, ndiyo mzee, na wanamwachia nafasi apite na gogo.

Jumanne ya wiki iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha Kahama. Ilagaja yalidondoka matone machache tu, vumbi likatulia, watu wakashangilia hali ya hewa. Mwigulu akasema wampe wiki moja, wiki moja tu, halafu watasimamisha kazi mpaka kiangazi. Jumatano asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa upande wa ziwani, meusi.

Paskalia alimkuta mumewe amekaa kwenye kigoda anavaa viatu vya kazi. Alisimama mlangoni, akaujaza mlango.

"Baba Charles, uliniapia," alisema. "Mtoe."

Jilala akamwambia hawezi. Amejaribu kwa ukweli, amejaribu kwa uongo, amejaribu kwa mikono yake, na kila alichojaribu kimemwingiza mtoto ndani zaidi. Paskalia akasema basi angalau yeye asiende leo, amwangalie Mlevi kutoka juu, apige kelele akiona kitu. Jilala akatikisa kichwa. Alisema aliwahi kusimama juu na shoka mkononi huku mwanawe yuko chini, na hawezi kusimama juu mara ya pili.

"Ule ukuta ukianguka, utuangukie wote wawili," alisema.

Paskalia alimtazama. Hakuwa na hasira tena, hilo ndilo lililomwumiza Jilala zaidi. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

"Na mimi mnaniacha na nani?"

Jilala alimaliza kufunga kamba za viatu. Akainuka akachukua shoka. Paskalia akasogea akampisha. Ignas alikuwa ameshatangulia kwenye njia ya korongoni, anamwita kwa furaha aharakishe, wenzao wote wameshashuka. Mpaka leo ninapoyasema haya wiki ya Mwigulu haijaisha, Mlevi bado anakwaruza, nao bado wanashuka.